Upande Alipo Mama

Jumapili, 5 Februari 1995

Hibo anaota meno. Hakulala, sikulala. Nimefua nepi, nimekoroga unga wa mikate ya anjera, nimemtoa Yasini kwenye jiko la makaa sijui mara ngapi. Sifungi mwaka huu kwa sababu nanyonyesha. Lakini kula mbele ya mama mkwe mwenye saumu ni kazi kuliko kufunga. Nakula nyuma ya tangi la maji kama mwizi.

Dekha yuko hapa tangu juzi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alishuka kwenye lori la mbuzi kutoka Hadado, vumbi mpaka kwenye kope. Kesho anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana hapa Garissa. Kwetu hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Mimi niliishia darasa la nane nikaolewa.

Kila nikimwangalia nashangaa. Asubuhi darasani, jioni mbuzi. Kila mwaka mama alikuwa akisogeza nyumba karibu na shule ili mtoto asome. Vidole vilivyokuwa vikikamua mbuzi ndivyo vilivyopita mtihani ule. Mungu humpa amtakaye.

Tumepanga vitu. Sanduku la bati, kufuli, ndoo, godoro jembamba, sabuni ya mche. Nilimuuliza kama anaogopa. Akainua mabega. Baba Yasini akacheka. Mtoto wa watu wa kuhamahama huyu, akasema, ataogopa kuhama? Tukacheka sote. Hata mimi.

Jumatatu, 6 Februari

Nimempeleka. Mkokoteni wa punda ulibeba sanduku na godoro, sisi nyuma kwa miguu, Hibo mgongoni.

Niliruhusiwa kuingia bwenini. Vitanda vya chuma, kimoja juu ya kingine, safu mpaka mwisho wa jengo. Sijawahi kuona vitanda vingi hivyo mahali pamoja. Dekha alipewa cha juu. Maisha yake yote hajalala juu ya kitu. Alikishika kile chuma kama mtu anayempapasa ngamia asiyemjua.

Wasichana wengine walilia. Wa Bura alilia mpaka kwikwi. Mmoja wa Masalani alimkumbatia mama yake wakashindwa kumbandua. Dekha alisimama wima, macho makavu. Nikasema moyoni, huyo ni wetu.

Nimerudi na miguu inauma. Najivuna.

Alhamisi, 16 Februari

Mafuta ya sambusa yameniunguza mkono. Nimechoka.

Nimekutana na Mwalimu Mutheu dukani. Mkamba, mnene, mcheshi, anafundisha Sayansi Kimu na ndiye mwalimu wa ushauri hapo shuleni. Anasema Dekha ni mtulivu, hana neno na mtu. Una dada mwenye adabu, Mama Yasini. Nikarudi nyumbani nimejaa kama mtungi.

Jumapili, 26 Februari

Walituruhusu kuwatembelea. Dekha amekonda. Lakini ni Ramadhani, nani hajakonda? Nilimpelekea tende na shuka. Nilipomuuliza masomo akatikisa kichwa kwamba ni mazuri. Nilipomuuliza wenzake akatikisa kichwa kwamba ni wazuri. Nilipoondoka ndipo nilipogundua sikusikia sauti yake hata mara moja.

Nimejiambia ni haya. Yuko na watu wageni.

Jumapili, 5 Machi

Idi imepita. Shule iliwapa wasichana wa karibu ruhusa ya siku mbili, Dekha akaja. Nilipika pilau ya mbuzi, halua, kila kitu. Siku ya Idi alikula tende moja na chai, akasema kwa mkono kwamba tumbo limejaa. Siku ya pili akaanza kufunga zile sita za Shawwal.

Mama mkwe alimshika kichwa akamwombea dua. Majirani wamekuja kumtazama. Mama Rukia wa nyumba ya pili alisema wanawe wa mjini wanamaliza Ramadhani wakikimbilia soda, na mtazame huyu wa badiya, mtoto wa malishoni. Mimi nilifurahi mno. Niliona nuru usoni mwake. Kweli niliiona. Ngozi yake ilikuwa karibu kupenywa na mwanga.

Alhamisi, 16 Machi

Hibo homa, imeshuka. Nimesikia Dekha sita amemaliza na bado anafunga. Mama mkwe anasema huenda tumepewa walii katika ukoo.

Usingizini nimemwota mama. Hakusema kitu.

Jumatano, 22 Machi

Siku ya soko la mifugo. Baba Yasini ni dalali wa mbuzi, ametoka alfajiri. Nilikuwa nachuja chai Mwalimu Mutheu alipoingia uani, viatu vimejaa mchanga, hakungoja kukaribishwa. Dekha ameanguka paredi ya asubuhi.

Nilimfunga Hibo mgongoni nikaenda karibu kwa mbio.

Hospitalini walipima malaria, hakuna. Homa ya matumbo, hakuna. Walimwekea maji ya mshipa. Daktari kijana akauliza amekula vizuri lini mara ya mwisho. Mwalimu aliniangalia, nikamwangalia. Akasema, mimi nilidhani ni adabu.

Ramadhani, tulisema ni Ramadhani. Baada ya Ramadhani tukasema ni dini. Kimya tukasema ni adabu. Mtoto alikuwa anapungua mbele yetu na kila alivyopungua tulimsifu zaidi.

Nilimshika mkono. Mwepesi kama wa Yasini.

Mwalimu akaniambia nje, karibu na mfereji, kwamba huu ni ugonjwa wa mawazo. Unawapata wanafunzi wanaohama. Kutoka msingi kwenda sekondari, kutoka sekondari kwenda chuo. Wengine wanakuwa wakali, wengine wanalala tu, wengine wanaacha kula. Yeye mwenyewe ulimpata alipotoka kwao Kitui kwenda chuo cha ualimu. Mwezi mzima alilala na viatu, akingoja asubuhi arudi nyumbani.

Sikujua watu wa Bara nao wanaumwa na kuondoka kwao. Nilimtazama upya yule mwanamke.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata nilipomzaa Yasini.

Ijumaa, 24 Machi

Wamenipa Dekha nikae naye siku chache nyumbani. Uji kidogokidogo, kijiko kwa kijiko, kama ninavyomlisha Hibo. Wawili vinywa wazi mbele yangu. Mmoja anatema, mwingine anameza kama anameza jiwe. Nilimwambia Dekha humalizi kikombe hiki hutoki hapa. Alimaliza. Nilitoka nje nikalia.

Mama mkwe anasema ni jini la bwenini. Akamwita sheikh baada ya Alasiri. Alisoma vizuri, polepole, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Machozi yakamtoka Dekha bila uso wake kubadilika. Yalitoka tu, kama maji yanavyotoka kwenye ukuta wa kisima. Kisha alilala usingizi mzito. Nashukuru kwa hilo. Lakini alipoamka, kimya kilekile.

Jumamosi, 25 Machi

Nimeitwa kwenye duka lenye taar, ile redio ya upepo ya kuzungumza na Wajir. Upande wa pili alikuwa Adeer Hussein, ndugu yake baba, sauti inakuja na kwenda.

Baba amesikia. Anasema shule ikiwa imemshinda mtoto asiteswe. Adeer anakuja na lori la mbuzi kwa soko la Jumatano. Alhamisi anarudi na Dekha. Na kuna mtu pale Hadado amemposa, mtu mwenye mali, amekubali kungoja mpaka apone.

Nilibonyeza kile kitufe nikasema, Adeer, ana miaka kumi na mitano. Sijui kama ilifika. Watu dukani waliniangalia.

Akipanda lori hilo hatarudi. Najua. Mimi ndiye ninayejua kuliko wote.

Jumapili, 26 Machi

Amezungumza.

Mchana, joto la kuua. Mama mkwe matangani, Yasini kalala. Niligeuza mkeka kutafuta upepo, nikalaza kichwa pale miguu ilipokuwa. Dekha alikuwa ameelekea ukutani. Sauti ikatoka, imekauka, kama si yake.

Abaayo, akaniita, yaani dada. Nikiamka kule sijui mama yuko upande gani.

Sikuthubutu kusogea. Niliogopa ikikatika haitarudi. Akaendelea, maneno machache, anapumzika, machache tena. Anaamka juu ya kile kitanda, giza, pumzi za watu, hajui kichwa kiko wapi wala miguu. Anafikiri mama yuko kulia, anageuka, ni chuma. Anakaa macho mpaka kengele. Mchana chakula kinamgomea kooni. Halafu hata maneno yakagoma.

Nimekaa na hayo siku nzima. Nikichota maji, hayo. Nikifua, hayo.

Sisi tumehama mara ngapi? Sina hesabu. Visimani, malishoni, karibu na shule, mbali na shule. Lakini mama anaifungua nyumba, anaifunga juu ya ngamia, fito, mikeka, ngozi, na jioni anaisimamisha mahali pengine, ileile. Kitanda chake kulia ukiingia. Vibuyu vya maziwa kushoto. Wasichana katikati. Miti nje inabadilika, milima inakuja na kuondoka, ndani hakuna kilichosogea hata shubiri. Mtoto akiamka popote katika nchi ile pana, anajua mama yuko upande gani.

Tulimwona ni mtoto wa kuhamahama. Subhanallah. Huyu hajawahi kuhama hata siku moja. Ni dunia iliyokuwa inahama, yeye alikuwa palepale.

Na mimi? Nilipoletwa kwenye nyumba hii ya mabati nililala nimeshika ukuta. Nilidhani ni ujinga wangu. Sikumwambia mtu. Nikaona nimezoea.

Jumatatu, 27 Machi

Nilikwenda kwa Mwalimu Mutheu na watoto wote wawili. Nilimweleza kwa Kiswahili changu hiki, najikwaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika kitu. Halafu akafunga mlango wa ofisi, akawaita wasichana wa kidato cha kwanza mmojammoja, akawauliza wanalalaje.

Alinisimulia baadaye. Yule wa Bura anakojoa kitandani, anaamka kabla ya wote kuficha godoro. Yule wa Masalani, ambaye mwanzoni alilia sana, yeye sasa ni mzima. Ni wale waliokaa kimya ndio wenye hali mbaya zaidi. Kadhaa. Mwalimu alisema alikuwa akiwahesabu waliolia, hakuwahesabu wasiolia. Macho yake yalikuwa mekundu.

Akaniuliza, hiyo nyumba yenu inaweza kusimamishwa hapa?

Nikasema inaweza kusimamishwa popote, ndiyo maana yake.

Mkuu wa shule alishangaa. Hii ni shule au ni boma? Mwalimu Mutheu akamwambia ni somo la Sayansi Kimu, sura ya makazi, kwa vitendo. Nilikuwa nje ya dirisha na Hibo titini. Nilimsikia mkuu akisema, na liwe somo basi. Jumatano saa ya michezo. Na msichome kitu.

Sijui kama itasaidia. Jumatano ndiyo siku anayofika Adeer.

Jumatano, 29 Machi

Nitaandika yote hata kama mkono unauma.

Mama Rukia ana akal ya zamani, nyumba yetu ile ya fito, ameikunja nyuma ya zizi tangu walipohamia mjini. Alinipa bila neno. Alipofungua mikeka akainusa. Akakaa chini kidogo. Kisha akasema nami naja.

Tulipakia mkokotenini. Dekha alitembea nyuma, hasemi, ameshika upande wa fito moja kana kwamba ndiyo inamwongoza.

Uwanja wa nyuma ya bweni. Wasichana wote wa kidato cha kwanza wako pale, wakubwa wamejazana madirishani wanacheka. Mwalimu Mutheu ameshika chaki na hana ubao. Tukamwaga fito chini.

Ghasia ikaanza. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anajua tofauti. Wa Wajir wanaweka mlango huku, wa Fafi kule. Yule wa Masalani alipoleta wazo lake wakamrukia. Wewe wa mtoni nyamaza, nyinyi mnajua kupiga kasia tu! Naye akawajibu, angalau sisi tunaoga, nyinyi mnangoja mvua! Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fito tatu zimesimama, zimepinda, zinaanguka. Mama Rukia anafoka kwa Kisomali. Hibo analia. Nikafikiri, nimewapotezea watu wakati, na nimemwaibisha mdogo wangu.

Ndipo nikasikia: Si hivyo. Ngoja.

Haikuwa sauti kubwa. Dekha alikuwa ameshaingia katikati. Akaing'oa ile fito ya kati, akapima kwa hatua, akachimba kwa kisigino, akaichomeka. Shika hapa, akamwambia wa Bura. Wewe pinda. Polepole, itavunjika. Wewe wa mtoni, unajua mafundo ya kamba za boti? Basi funga hapa. Na yule wa Masalani akafunga, fundo zuri sijapata kuona, na wenzake wakanyamaza.

Nilisimama pale namtazama. Mtoto niliyemlisha kijiko kwa kijiko wiki hii. Mikono ile myembamba. Haikusita. Mahali pa kila fito palikuwa ndani yake, na mahali pa kila mkeka, na nani avute na nani alegeze. Hakuna aliyemfundisha akiwa amekaa. Aliona tu mikono ya mama, miaka yote. Nyumba nzima alikuwa nayo mwilini, alikuwa ameibeba kutoka Hadado, na sisi tulikuwa tunamuuliza kama amesahau taulo.

Ikapanda kama kitu kinachopumua. Mbavu, kisha mgongo, kisha ngozi juu. Madirishani walikuwa wameacha kucheka zamani. Wa kidato cha tatu wakashuka, wakavua viatu, wakashika kamba.

Mwalimu Mutheu akaambiwa aingie kwanza kama mgeni. Aliinama na unene wake akapita. Wasichana nyuma yake. Nami. Ndani pana kivuli na harufu ya moshi wa zamani. Na kelele zikakatika. Hakuna aliyeamuru. Kila mtoto alienda mahali pake akaketi, kana kwamba palikuwa pameandikwa jina. Wengine wakalala. Wa Bura akauweka mkono kulia kwake, juu ya mkeka mtupu, akalia kimyakimya. Dekha alikuwa katikati, chali, macho juu. Naye akalia. Mara ya kwanza, kilio chenyewe, chenye sauti, chenye kamasi. Nilimshukuru Mungu kwa kamasi ile.

Mwalimu akaanza kuwauliza, kwa upole, kila mmoja mama yake ni wa namna gani. Wakasema. Wakaingiliana. Mmoja alisema mama yake anakoroma kama lori la kuteremka na wote wakaangua kicheko katikati ya machozi.

Hapo ndipo mlangoni pakaingia giza. Adeer Hussein. Ametoka sokoni, fimbo mkononi, ndevu nyekundu za hina, amenitafuta nyumbani akaambiwa niko hapa. Aliinama akachungulia. Alitazama dari kwa muda mrefu. Akasema, nani amefunga hii kamba ya nyuma? Imelegea.

Dekha akaketi. Akafuta pua. Haijalegea, Adeer. Ukiikaza zaidi mkeka utapasuka.

Adeer akacheka kicheko kidogo cha puani, kama cha baba.

Tulitoka nje sisi watatu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Jumamosi, yote yalikimbia. Nilisema tu, Adeer, hatapanda lori. Nilisema nimesimama, Hibo mgongoni, bila kuinamisha macho. Akaniambia, wewe umekuwa baba yake lini? Nikasema, Adeer, mimi ndiye niliyemwona anapungua. Akaniangalia vibaya. Kisha akamgeukia Dekha mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba alimgeukia. Akamuuliza, binti, unataka kurudi kwa mama yako?

Nataka, akasema Dekha.

Nikaikaza mbeleko ya Hibo.

Nataka kwenda likizo, akasema. Shule zikifungwa. Nikae na mama. Halafu nataka kurudi huku.

Adeer akachora kitu mchangani kwa fimbo yake. Akafuta kwa kiatu. Akasema atazungumza na baba kwenye taar leo leo, na yule mtu mwenye mali atafute mahali pengine. Akataka chai. Mwalimu Mutheu akamletea mwenyewe, na akakaa akimweleza juu ya ugonjwa wa mawazo, na mzee yule, ambaye hasikilizi mtu, alisikiliza.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Alhamisi, 30 Machi

Lori limeondoka. Dekha hakuwemo.

Ijumaa, 7 Aprili

Shule zimefungwa. Waliibomoa akal jana, Mama Rukia ameichukua. Dekha ameenda Hadado na lori la sukari. Amekula wiki hii. Si sana. Anazungumza, si sana. Mwalimu aliruhusu wabadilishe vitanda. Wa kidato cha kwanza wanapanga wenyewe nani alale wapi. Dekha sasa ana kitanda cha chini, na mkubwa mmoja wa kidato cha tatu amepewa kumwangalia. Alhamisi jioni wanakaa na Mwalimu, wanazungumza. Hakuna alama, hakuna mtihani.

Adeer aliahidi. Lakini huko ni mbali na ahadi ni ya mdomo. Nimemkumbatia mpaka dereva akapiga honi. Nilimwambia, usiporudi nitakuja kukuchukua kwa miguu. Akasema, na Hibo mgongoni? Nikasema, na Hibo mgongoni.

Jumatatu, 1 Mei

Hakuna habari. Taar ya Hadado imeharibika. Mvua imekata barabara. Nagombana na kila mtu. Baba Yasini amehamia sokoni kabisa.

Jumatatu, 8 Mei

Shule zimefunguliwa. Dekha hayumo.

Nilisimama langoni mpaka Adhuhuri. Mwalimu Mutheu alitoka tukasimama wawili.

Jumatano, 10 Mei

Amefika! Lori lilikwama kwenye matope siku mbili, wakalisukuma, yeye naye akasukuma. Ameingia uani matope mpaka mapajani, amenona usoni, ananuka mbuzi. Mama amemsindikiza mpaka barabarani. Baba ndiye aliyempakia.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Sikujua kwamba naye alikuwa akingoja.

Alhamisi, 25 Mei

Mwalimu amepita. Anasema kwa Dekha bado kuna siku haziendi. Wiki iliyopita alinyamaza siku nzima. Lakini safari hii alimfuata Mwalimu mwenyewe ofisini, akasema, Mwalimu, leo imerudi. Wakakaa. Jioni ikawa imepungua.

Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Mtu kuliona giza lake linakuja na kulitaja, na kutafuta mtu wa kukaa naye. Mimi nina watoto wawili na sijawahi kulifanya. Nimelifikiria leo nikichota maji. Nimelifikiria nikifua. Mtoto wa miaka kumi na mitano.

Jumapili, 4 Juni

Dekha amekuja kwa ruhusa ya mchana. Mama mkwe ndani amelala, Baba Yasini yuko msikitini. Nilikuwa nimepika wali na maharagwe tu, sikujua kama anakuja. Alichukua sahani kubwa. Shule imemfundisha kijiko.

Alikula. Akasema chumvi haitoshi. Akaongeza. Akamfukuza Yasini kwenye sahani yake, Yasini akalia, akamgawia. Nilikuwa nimekaa mbele yake na Hibo mapajani, sifanyi kitu, namtazama.

Abaayo, akasema, acha kuniangalia.

Nikageukia ukuta. Nikakisikia kijiko kikikwangua sahani.